Mpira wa Kusikilizia

Mke wa fundi alirudi kutoka kwa dada yake, alikokwenda kusaidia uzazi, akakuta mwanamke mwingine ameshika mpira wake.

Hata mzigo alikuwa hajautua. Aliingia kwa geti la gereji kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya kufika jikoni, akaona gari asilolijua limefunguliwa boneti, na mumewe ameinama upande mmoja, na upande wa pili ameinama dada mmoja mrefu, amevaa suruali na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, gereji! Yule dada alikuwa ameweka ncha moja ya mpira sikioni, ncha nyingine ameigusisha kwenye pampu ya petroli ambayo fundi alikuwa akiisukuma kwa mkono, na kafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Haya, Daktari," fundi akasema, "unasikia nini?"

Mke wa fundi akafungua mdomo ajibu. Kumbe hakuulizwa yeye.

"Nasikia kama inameza maji," yule dada akajibu, akacheka, na fundi naye akacheka.

Mpira wenyewe ukiuona usingeuokota. Kilikuwa kipande cheusi cha urefu wa mkono, kilichokatwa kwenye bomba la rejeta iliyokufa zamani. Lakini kipande hicho ndicho kilichowalisha. Fundi alikuwa amegonga vyuma na kusimama nyuma ya ekzosi tangu ujanani, na sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto lilisikia watu, tena waliokaribia. Kwa injini lilisikia ngurumo tu, bila kupambanua. Jambo hilo hakuna aliyelijua isipokuwa mkewe. Nani angemletea gari fundi asiyesikia injini? Basi kila gari likija, mkewe aliitwa, akashika mpira, akasikiliza hapa na pale, akamwambia mumewe maneno mawili matatu kwa sauti ya kawaida, upande wa kushoto. Wateja walidhani ni mbwembwe za fundi. Na fundi akawa anamwita mkewe Daktari.

Na maneno yao yalikuwa ya kwao wawili. Mlio mwepesi wa haraka, wa juu, waliuita cherehani. Mlio mzito wa chini, ule unaotisha, waliuita mchi. Pumzi inayotoka pasipostahili ilikuwa chai. Hawakukaa chini wakayapanga. Yalijitokeza yenyewe, mwaka baada ya mwaka, kama majina ya utani ya watoto. Mke akisema, "Mchi, nyuma," fundi anajua ni beringi za chini na anajua aanzie wapi.

Sasa hapo getini, na mzigo kichwani, mke wa fundi alisimama akiutazama mpira wake. Fundi alimwona.

"Mama Watoto! Umerudi! Shemeji hajambo? Mtoto?"

Mama Watoto. Siku nyingine zote alikuwa Daktari. Mama Watoto lilikuwa jina la mbele ya wageni wa nyumbani.

"Hawajambo," akasema, akapita. Yule dada akamwamkia vizuri tu, "Shikamoo, mama." Hiyo shikamoo nayo ikamchoma. Kwani yeye mzee?

*

Wakati wa chakula cha mchana fundi aliongea kama redio. Gari lilikuwa la marehemu baba wa yule dada. Mzee alipofariki, lilifungiwa bandani chini ya turubai, na hakuna aliyeligusa mpaka binti alipopata nyumba yake mwenyewe na kusema hilo ndilo urithi anaoutaka. Lilivutwa kwa kamba mpaka gerejini.

"Kwenye chujio la hewa nimekuta kiota cha panya," fundi alisema. "Familia nzima. Petroli ilikuwa imegeuka kama gundi, inanuka varnishi. Sikukurupuka kupiga stata, hata kidogo. Nimetoa plagi, nikamimina oili ndani ya silinda, nikaiacha ilale. Halafu nikaweka spana mbele, nikaizungusha kwa mkono, pole pole. Ilikataa. Ikakataa. Halafu tik, ikakubali! Mzee aliitunza injini ile, nakwambia."

"Mm," mke akasema.

"Tangi nimeosha, kabureta nimeosha. Bado umeme tu. Siku chache tu inaunguruma."

"Na daktari wako mpya atakuja siku hiyo?"

Fundi alitafuna, akameza, akachukua maji. Hakujibu. Mke alikuwa amekaa upande wa kulia.

Hakukaa huko kwa bahati mbaya. Tangu siku hiyo kila chakula alikaa kulia, na kila lililomkera akaliambia sikio lililokufa. "Nikienda kwa dada yangu hata kitanda hakijapoa." Fundi anatafuna. "Viatu vyeupe gerejini, labda anakuja harusini." Fundi anaomba chumvi. Ilimpa nafuu kidogo, halafu ilimwongezea uchungu, maana alikuwa anagombana peke yake.

Angeweza kwenda. Ilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni mpaka kwenye lile gari. Lakini alijiapiza: haendi mpaka aitwe, tena aitwe kwa jina lake. Asipoitwa, basi.

Wifi yake, dada wa fundi, alikuwa jirani wa ukuta mmoja, na ni mtu anayesikia harufu ya ugomvi kabla haujaiva. Akaja na ungo wake wa mchele, akajidai anachambua.

"Wifi, mbona siku hizi upo upo tu? Umestaafu?"

"Nimepumzika."

"Umepumzika au umepumzishwa?" Akanyanyua shingo dirishani. "Eh! Yule binti si mchezo. Anajua kuinama. Tazama alivyomwegemea kaka yangu sikioni. Wanaambiana nini hivyo?"

Mke wa fundi hakutaka kutazama, akatazama. Kweli, yule dada alikuwa amezunguka gari akaja upande wa fundi, akainamisha kichwa mpaka karibu na sikio, akasema neno. Fundi akatikisa kichwa. Ikapita dakika, akainama tena.

"Hata mimi kaka yangu hajawahi kuninong'oneza," wifi akasema, macho kwenye mchele.

Lakini mke wa fundi hakuwa anamsikia tena. Alikuwa ameona jambo ambalo wifi hakuliona. Yule dada alikuwa amesimama kulia kwa fundi, akaacha sikio lililokuwa karibu, akazunguka mgongo wote kwenda kuongea kwenye la kushoto. Mara ya pili vile vile. La kushoto.

Amemwambia. Siri ambayo hata mama yake mzazi hakumwambia, hata huyu dada yake mwenye ungo haijui, amempa mtu wa wiki mbili.

Mpira ni kitu, angeuvumilia. Jina nalo angelimeza. Lakini lile sikio lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyeligundua lilipoanza kufa, yeye ndiye aliyejifunza kulala upande wa kushoto ili mumewe amsikie akimwambia usiku mwema.

"Wifi, mbona umekausha?" wifi akauliza. "Nilikuwa natania tu."

"Mchele wako hauna hata jiwe moja," mke wa fundi akamwambia. "Nenda kapike."

*

Injini iliwaka asubuhi ya siku ya pili yake. Mke wa fundi alikuwa anasugua sufuria, amejitia hamnazo. Stata ililia, ikalia, injini ikakohoa, ikatema moshi mpaka gereji yote ikawa nyeupe, halafu ikashika. Ikashika! Yule dada akapiga kigelegele. Fundi akarusha kitambaa juu.

Mkono wa mke wa fundi ulisimama ndani ya sufuria. Hakutaka kusikiliza, lakini masikio hayana mfuniko. Injini ilikuwa inachechemea: moja, mbili, kapa, nne. Moja, mbili, kapa, nne. Na juu ya mchechemeo huo kulikuwa na mlio mwepesi wa haraka, tik-tik-tik-tik, kama mtu anashona pindo.

Cherehani, akajisemea. Juu. Ya tatu kutoka mbele. Valvu imekaa mno bila kazi, utandu wa ile petroli mbovu umeishika shingoni, inachelewa kufunga. Kazi ya asubuhi moja.

Alisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Nje, fundi alikuwa amempa yule dada mpira. "Sikiliza chini hapa, Daktari. Unasikia nini?"

Yule dada akauweka mpira chini kabisa, karibu na sahani ya oili. Chuma hupitisha sauti. Mlio wa juu hufika mpaka chini, na asiyezoea hajui umetoka wapi.

"Nasikia kama mtu anabisha hodi," akasema kwa sauti kubwa.

Fundi akakunja uso. Hodi haikuwemo katika maneno yao. "Anabisha mlango mwepesi au mzito?"

"Mmh. Mzito kiasi. Wa mbao."

Fundi akavua waya wa plagi moja, akaurudisha, akavua wa nyingine. "Nikivua huu, mlio unapungua?"

"Kidogo. Nadhani."

Mke wa fundi aliona mabega ya mumewe yakishuka. Aliujua ule mshuko. Kichwani mwake fundi alishasikia mchi. Alizima injini, akafuta mikono muda mrefu.

"Dada yangu," akasema, "sitakuficha. Ni beringi za chini. Injini yote ishuke, ifunguliwe, na vifaa vyake sijui kama bado vinapatikana. Hiyo ni kazi ya miezi."

Yule dada alilisogelea gari. Akapitisha kiganja juu ya boneti, mahali rangi ilipokuwa imepauka.

"Basi, fundi," akasema. "Nilijiambia likikataa nisilazimishe. Wanunuzi wa chuma chakavu nitawaita waje kesho. Sina pa kuliweka miezi yote hiyo."

Jikoni, mke wa fundi alisikia kila neno. Na jambo la kwanza lililompata lilikuwa furaha. Kesho! Kesho gari linaondoka na viatu vyeupe vinaondoka nalo. Hana haja ya kusema chochote, hana haja ya kugombana na mtu. Afyate mdomo tu mpaka kesho.

Akamwaga maji machafu, akafunika sufuria. Akachungulia.

Yule dada alikuwa amekwenda kukaa kwenye benchi la getini, simu mkononi, hajapiga bado. Fundi alikuwa amewasha injini tena peke yake. Alikuwa ameshika mpira yeye mwenyewe. Akauweka sikio la kushoto, akagusisha chini, akasubiri. Akagusisha juu. Akahamishia sikio la kulia, lile lililokufa, kama mtu anayepapasa mfuko anaoujua hauna kitu. Akarudisha kushoto. Alikuwa amefumba macho mpaka uso umejikunja.

Ile furaha ikamwishia mke wa fundi kama povu. Wivu haukwisha. Ulibaki pale pale, ila sasa ulikuwa umekaa pamoja na kitu kingine, na vyote viwili vinamsukuma.

Kabla hajaamua, fundi alikuwa mlangoni pa jikoni, mpira mkononi.

"Daktari," akaita.

Hakugeuka. "Daktari yupo pale kwenye benchi. Mwite."

"Nakuita wewe."

Safari hii alimsogelea upande wa kushoto, ili asikie vizuri. "Kwani cheo ni cha mpira? Anayeushika ndiye daktari? Niliingia na mzigo kichwani nikasikia unaita, nikaitika moyoni. Unajua ilivyokuwa?"

Fundi akatazama chini. "Mdomo umezoea. Nikiona mtu na mpira, neno linatoka lenyewe. Nimekosa."

"Na tangu nimerudi hukuniita."

"Siku ya kwanza nilikusimulia habari zote za gari, ukanijibu 'mm'. Nikasema umechoka na uzazi wa dada yako. Halafu umekuwa umenuna, kila siku umenuna, nikaogopa. Gari lilipokuja hukuwepo. Ningemwambiaje yule? Subiri, masikio yangu yamekwenda kwa shemeji?"

Mke alikaribia kucheka, akajizuia. Lililobaki ndilo kubwa. "Sawa. Lakini sikio, baba. Sikio ulimwambia la nini?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba la kulia halifanyi kazi!"

"Mimi?" Fundi akatoa macho. "Sijamwambia mtu! Nimwambie ili aondoke na gari lake?"

"Mbona kila siku anazunguka kukuongelesha kushoto?"

Fundi akafikiri. "Anazunguka?" akauliza. Ilionekana kweli kwamba hakuwahi kuona. Alisikia tu, akashukuru.

Mke akamnyang'anya mpira. "Twende."

*

Alimwambia yule dada aingie ndani ya gari, akae kwenye usukani, akanyage mafuta kidogo na asiinue mguu. Injini haikuhitaji mtu wa kukanyaga mafuta; ilikuwa ni kumtoa pale mbele. Aliona raha kidogo kumfungia mlango.

Halafu akapiga magoti kwa heshima yote, kama kwamba hakuwa ameshajua tangu jikoni. Akagusisha mpira chini. Safi. Chini kulikuwa kimya, mzunguko wa oili tu. Akapanda taratibu, ubavuni, mpaka kwenye mfuniko wa juu. Mbele, ya kwanza. Ya pili. Ya tatu: tik-tik-tik, pindo linashonwa.

Akainuka, akamwendea mumewe upande wa kushoto. "Cherehani. Ya tatu. Chini hakuna mchi, hakuna kitu."

"Cherehani?" fundi akasema. "Umesikia sawasawa?"

Alimtazama tu.

Fundi akachukua spana akiwa anakimbia. Mfuniko wa juu ulifunguliwa, akawa anazungusha injini kwa mkono, wote wawili wameinama. Valvu zote zilipanda na kushuka kwa haraka. Ya tatu ilishuka vizuri, halafu ikapanda kivivu, kama mtu anaamshwa asubuhi ya mvua.

"Mvivu huyu hapa," fundi akasema. "Nikiizungusha polepole anajitahidi, injini ikikimbia anaachwa. Ndiyo maana nilipoziba tundu la plagi kwa kidole kupima pumzi sikumkamata."

Akamdondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akamgongagonga kichwani kwa mpini wa nyundo, akaacha yanywe. Akarudia. Asubuhi ilikuwa bado haijaisha valvu ilipoanza kuruka kama wenzake. Wakafunika, wakawasha, na injini ikaunguruma sawasawa, moja, mbili, tatu, nne, bila kapa.

Yule dada alishuka garini. Hakupiga kigelegele safari hii. Alisimama akiwa ameziba mdomo kwa mkono, halafu akamzunguka fundi, akamwinamia sikio la kushoto, akasema kwa nguvu, "Asante sana, fundi!"

Mke wa fundi hakungoja. "Dada, samahani. Nani alikwambia aongeleshwe upande huo?"

Fundi akawa kama amemwagiwa maji. Yule dada naye akaona aibu, akamtazama fundi, akamtazama mkewe.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga. Ilimmaliza sikio moja. Alikuwa ukimwongelesha anageuza shingo hivi." Akageuza shingo kidogo, kidevu mbele, na ndivyo hasa fundi alivyokuwa anafanya. "Siku ya kwanza tu fundi aliponigeuzia shingo hivyo, nikajua. Nikaona kama anaficha, basi na mimi nifiche. Baba alikuwa hapendi kabisa watu wajue."

Mke wa fundi alitafuta mahali pa kuendelea kumchukia, akakosa pa kushika. Palibaki viatu vyeupe, na hivyo navyo vilikuwa vimeshalowa oili.

"Niliusikia vibaya, sivyo?" yule dada akauliza. "Mlio. Niliwaambia hodi."

"Ulisikia vizuri," mke wa fundi akamjibu. "Ulisikilizia pabaya."

"Naweza kusikia pazuri? Mara moja tu, kabla sijaondoka nalo?"

Mke wa fundi aliutazama mpira mkononi mwake. Fundi naye akautazama, akanyamaza, kwa mara ya kwanza ana akili. Mwishowe mke akampa yule dada ncha ya sikioni. Ncha ya pili hakuiachia. Akaishika mwenyewe, akaigusisha juu ya silinda ya tatu, na wakasimama hivyo, mmoja anasikiliza, mwingine ameshika, mpaka yule dada akaanza kufuta macho.

"Sasa inatosha," mke wa fundi akasema, akauvuta taratibu.

Gari liliondoka mchana kwa nguvu zake lenyewe. Wifi alitokeza juu ya ukuta. "Eh, wifi! Kumbe umerudi kazini?"

"Sikuwahi kuondoka," mke wa fundi akamjibu.

Mpira hakuurudisha kwenye msumari wa gerejini, ulikoning'inia miaka yote. Aliuosha kwa sabuni, akaufuta, akaupeleka chumbani, akautundika nyuma ya mlango, kati ya kanzu ya mumewe na gauni lake la kutokea.

"Mbona huko?" fundi akauliza. "Mteja akija je?"

"Utakuja kuuomba."

"Kila mara?"

"Kila mara. Ubishe hodi."

Fundi akasema hewala. Chakula kilipoandaliwa, akakaa mahali pake, akasubiri. Mkewe alisimama na sahani yake, akaangalia kiti cha kulia alichokuwa amekikalia siku zote hizo, akakisukuma chini ya meza kwa mguu. Akazunguka mgongo wa mumewe, akakaa kushoto.